Ukishamaliza Kupokea, Usizime

Ujumbe wa leo ni mrefu kuliko kawaida, kwa hivyo kama uko kwa matatu soma polepole, na kama uko nyumbani jitilie chai kwanza.

Miezi kadhaa iliyopita mama mmoja mjane alikuja kuniona baada ya ibada. Mume wake alikuwa mchungaji, na ndiye aliyenilea katika huduma kabla sijaenda chuo cha Biblia. Mzee alikuwa amelala katika Bwana mwaka uliotangulia. Mama hakuja kuomba unga wala karo ya wajukuu. Aliniambia, "Pasta, mwanangu, nataka kusikia sauti ya mzee. Yale mafundisho ya ndoa aliyofundisha zile jioni sita, si mlikuwa mnarekodi? Nitafutie."

Nikamjibu, "Mama, hiyo ni kazi ndogo. Wiki hii utapata."

Haikuwa kazi ndogo. Mafundisho yale yalikuwa yamerekodiwa kweli, na watu karibu ishirini tulikuwa tumegawiwa kwa flashi. Nikaanza kupiga simu. Kila mmoja nilimuuliza swali moja: "Unayo mafundisho yote sita?" Mmoja simu yake ilianguka kwa choo. Mwingine kompyuta yake iliibwa. Dada mmoja alikuwa ameifuta flashi yake yote ili aweke picha za harusi. Na ndugu mmoja akaniuliza, "Pasta, si wewe ndiye unayo?"

Wiki mbili zikapita. Nilikuwa nikimwona mama kanisani nageuza macho.

Nitarudi kwake. Lakini kwanza nikuambie jambo lingine lililokuwa likiendelea wakati huohuo, kwa sababu bila hilo hutaelewa kilichonichoma.

Kanisa letu lilikuwa limepewa kompyuta nne zilizokwisha kutumika, ili watoto wa shule ya Jumapili wajifunze wakati wa likizo. Zilikuja tupu, bila mfumo wa kuziendesha. Kijana wetu wa vyombo, yule anayekaa nyuma na kupunguza maikrofoni ninapopiga kelele, akasema tuziwekee Ubuntu. Ni mfumo wa bure na wa halali, ulitoka mara ya kwanza mwaka 2004, na jina lake ni neno la Kizulu na Kixhosa lenye maana ya utu. Nikalipenda jina.

Shida ilikuwa kuupakua. Ni faili kubwa, zaidi ya gigabaiti 5. Siku ya kwanza mtandao ulikatika katikati. Siku ya pili stima ikapotea. Siku ya tatu tukavuka nusu, ikakwama, ikabidi tuanze tena. Kijana akasema, "Pasta, tutumie torenti."

Nilishtuka. Nikamwambia, "Hiyo si ni ya wezi wa filamu? Unataka kuingiza hiyo kwa kompyuta za kanisa?"

Akacheka. "Pasta, panga tunalofyekea nyasi za kanisa linaweza pia kumuumiza mtu. Tutalitupa? Wenye Ubuntu wenyewe wameiweka torenti kwa tovuti yao, wanataka watu waitumie."

Nikaketi nikamwambia anifundishe kama mtoto. Na wewe nitakufundisha vivyo hivyo, kwa sababu wengi wetu tunalisikia neno hilo na hatujui ni nini.

Fikiria kwaya yetu ina watu arobaini na kitabu kimoja tu cha nyimbo, na kila mtu anataka nakala yake. Njia ya kawaida ni mwenye kitabu kukaa mezani, watu wapange foleni, kila mmoja anakili kitabu kizima kisha aende. Wa arobaini atalala hapo. Na mwenye kitabu akiugua, foleni yote inarudi nyumbani mikono mitupu. Ndivyo faili nyingi za intaneti zinavyopakuliwa: kompyuta moja kubwa inayoitwa seva, na sisi wote kwenye foleni yake. Faili ikipendwa sana, foleni inakuwa ndefu, na seva inachoka.

Mwaka 2001 Mmarekani mmoja anayeitwa Bram Cohen alitoa njia nyingine, akaiita BitTorrent. Kitabu kinafunguliwa kurasa. Wewe unanakili ukurasa wa 7, mimi wa 31, yule wa 112. Kisha hatumrudii mwenye kitabu tu. Tunageukiana. Nipe wa 7 nikupe wa 31. Baada ya muda mfupi chumba kizima kinanong'ona na kubadilishana, na mwenye kitabu anaweza hata kupumzika. Watu wakiongezeka, mikono inaongezeka. Kinachoua seva ndicho kinachoipa torenti nguvu.

Faili ya torenti yenyewe ni ndogo sana. Haina nyimbo, haina mfumo, haina kitabu. Ni kama orodha ya kurasa. Inasema faili kubwa imegawanywa vipande vingapi, na kila kipande alama yake ni gani. Siku hizi unaweza hata usipate hiyo faili ndogo, ukapewa tu kiungo kinachoitwa kiungo cha sumaku, chenye alama moja ya kuitambulisha torenti, halafu programu yako inaulizia kompyuta nyingine mpaka inapata wenye vipande. Kuna pia kompyuta za kutunza orodha ya nani yuko kwenye kundi. Zenyewe hazigawi kitu. Zinasema tu, fulani yuko pale, zungumzeni.

Hiyo alama ya kila kipande ilinifurahisha. Inakokotolewa kutoka ndani ya kipande chenyewe. Kitu kimoja kidogo kikibadilika, alama inabadilika kabisa. Kwa hivyo kipande kikiletwa na mtu usiyemjua kutoka nchi usiyoijua, programu inakipima kwanza. Kikilingana, kinakaa. Kisipolingana, kinatupwa na kuombwa upya kwa mwingine. Nikawakumbuka watu wa Beroya katika Matendo 17, waliomsikiliza Paulo kwa moyo wote na bado wakaenda kuchunguza Maandiko kila siku kama mambo ndivyo yalivyo. Hawakumtukana Paulo kwa kuchunguza. Walisifiwa.

Lakini kijana akanionya mapema. Alama inathibitisha kwamba umepata kile ambacho orodha ilisema. Haithibitishi kwamba orodha yenyewe ni njema. Mtu akitengeneza orodha ya virusi, utapokea virusi kamili, kila kipande kimepimwa na kupita. Kwa hivyo chunguza orodha imetoka wapi. Hilo peke yake lingetosha kuwa mahubiri ya Jumapili. Kuna mafundisho huko nje ambayo kila kipande kinashikana vizuri na kingine, ila yalitoka kwa mkono mbaya tangu mwanzo.

Tukaanzisha torenti ya Ubuntu. Stima ikapotea tena, tukangoja. Iliporudi, haikuanza mwanzo. Vipande vilivyokwisha kuingia vilikuwa palepale, ikaendelea na vilivyobaki. Jioni ilikuwa imemaliza. Nilishangilia kama mtu aliyeona muujiza, kijana akaniangalia tu.

Wakati tukingoja nilimuuliza swali ambalo mchungaji lazima aulize. "Na mtu mwenye choyo je? Anayekuja kuchukua vya wenzake na hatoi chake?"

Akasema mtengenezaji alilifikiria hilo. Programu hutazama ni nani anakupa, na huwapa kwanza wale wanaoipa. Ukibana mkono, na wewe unapewa kidogo. Nikasema, haki kabisa. Kisha nikafikiri zaidi. "Ngoja. Mtu aliyeingia sasa hivi hana ukurasa hata mmoja. Atatoa nini ili apewe?"

Akatabasamu. Kumbe kuna mlango mmoja unaoachwa wazi. Kwa kawaida kila baada ya sekunde 30 programu huchagua mtu yeyote kundini, bila kuangalia kama ameshatoa kitu, na kumpa bure. Hivyo ndivyo mgeni anavyopata kipande chake cha kwanza. Bila mlango huo, asiye na kitu asingeanza kamwe.

Wapendwa, sitamwekea Bram Cohen maneno mdomoni. Aliandika programu, hakuandika mahubiri. Lakini mimi niliketi pale nikajua ni nani aliyenifungulia mlango nikiwa sina kipande hata kimoja. Ni yule mzee. Nilikuja kwake nikiwa kijana wa miaka kumi na tisa, sina nauli, sina Biblia yangu, na mdomo mrefu wa kubishana. Hakuniuliza nitampa nini. Alinipa ufunguo wa kanisa.

Sasa sikiliza sehemu iliyonikamata.

Baada ya Ubuntu tukatafuta kitu cha kusoma. Kuna hazina nyingi halali zinazogawiwa kwa torenti. Wikipedia nzima unaweza kuipakua kupitia Kiwix ikasomeka bila intaneti. Internet Archive hugawa kwa torenti vitabu vya zamani visivyo na hakimiliki tena. Kijana akapata mkusanyiko mmoja wa vitabu vya watoto vya zamani, uliowekwa na mtu miaka mingi iliyopita. Tukaanzisha. Ikaenda vizuri hadi asilimia 96. Ikasimama.

Siku ya kwanza 96. Siku ya pili 96. Nikamwambia labda mtandao wetu ni mbovu. Akanionyesha skrini. Kundini walikuwemo watu 11. Wote wako asilimia 96. Wote wanataka vipande vilevile vilivyobaki, na hakuna hata mmoja mwenye navyo. Watu 11, labda nchi 11, wamekaa wakitazamana.

"Wako wapi waliokuwa nayo yote?" nikauliza.

"Walimaliza wakazima, Pasta."

Akanieleza majina. Mtu mwenye faili nzima, asilimia 100, ambaye ameiacha programu yake wazi ili wengine wachukue, kwa Kiingereza jina lake linatokana na neno mbegu. Tumwite mpanzi. Na anayechukua kisha akaondoka, jina lake ni ruba, yule mdudu wa kunyonya damu. Nikakumbuka Mithali 30, ruba mwenye binti wawili ambao kilio chao ni kupewa tu. Torenti ikibaki bila mpanzi hata mmoja, na kipande fulani kikawa hakipo kwa yeyote, basi imekufa. Orodha ipo, jina lipo, watu wanaoitamani wapo. Yenyewe haipo.

Ndiyo maana, akasema, programu ikiwa na nafasi ya kuchagua huomba kwanza kipande kilicho adimu kundini, sio kile ambacho kila mtu anacho. Inakimbilia kukiokoa kile ambacho mwenye nacho akizima leo, kimepotea.

Siku ya nne, usiku, mtu mmoja mahali fulani duniani aliwasha kompyuta yake. Simjui. Hakutuandikia. Alikuwa na asilimia 100. Asubuhi niliamka nikakuta tumemaliza, na kundini wenzetu pia wanamaliza mmoja baada ya mwingine.

Nikasema, "Asante Yesu," nikafunga programu, nikazima kompyuta, nikaenda kazini kwangu.

Kijana alipofika jioni hakukasirika. Ni mtu mpole. Aliuliza tu, "Pasta, uliizima? Wale wengine walikuwa wamefika ngapi?"

Sikuwa nimeangalia.

Nilikuwa nimelalamika siku tatu kuhusu watu waliomaliza wakazima. Siku ya nne nikawa mmoja wao, na sikuchukua hata dakika moja kufikiri. Na pale, mbele ya ile kompyuta kuukuu, nikaijua sauti ya mama. Nitafutie sauti ya mzee.

Kwanza niliona kosa la swali langu. Nilikuwa nikimuuliza kila mtu, "Unayo yote sita?" na kila mtu alisema hapana, kwa sababu hakuna aliyekuwa na yote. Sikuwahi kumuuliza mtu, "Una kipande gani?" Usiku huo niliandika kwa kundi letu la simu: yeyote mwenye hata nusu ya jioni moja, hata kama sauti ni mbaya, hata kama kuna mtoto analia, lete Jumamosi.

Walikuja. Jioni ya kwanza ilikuwepo kwa watu tisa, maana jioni ya kwanza huwa tunajaa. Ya pili, watu wanne. Ya tatu, mtu mmoja tu, dada aliyehamia Mombasa, akatutumia kwa simu akilia, kwa sababu na yeye alikuwa hajaisikiliza tangu mzee afariki. Ya nne ilipatikana kwa nusu mbili: ndugu mmoja alikuwa na mwanzo mpaka betri ilipokwisha, mwingine alikuwa amechelewa kufika akarekodi mwisho. Kijana wa vyombo akaziunganisha. Ya tano ilikuwa na mtoto analia kutoka mwanzo hadi mwisho. Mtoto huyo sasa yuko shule ya sekondari, na alikuwa ameketi pale anacheka.

Ya sita haikuwepo.

Na hapa, watu wa Mungu, lazima niseme ukweli kwa sababu nimewahubiria wengine ukweli. Ya sita ilikuwa kwangu. Mimi nilikuwa na zote. Mimi ndiye niliyekuwa na asilimia 100. Miaka kadhaa iliyopita kompyuta yangu ilijaa, na nilikuwa nimepewa msururu wa filamu na rafiki, filamu ambazo hata hakuna aliyezilipia. Nilitaka nafasi. Nikatazama lile folda la mafundisho ya mzee, nikasema moyoni, "Hizi wengi wanazo," nikafuta.

Wengi wanazo. Nadhani kila mtu anayezima husema hivyo. Wale waliozima vile vitabu vya watoto hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja alidhani mwingine amebaki.

Nilimpelekea mama zile jioni tano na spika ndogo. Alisikiliza ya kwanza yote akiwa ameshika kitambaa mdomoni. Mzee alipofanya ule mzaha wake wa ugali uliolala, mama akacheka kabla mzaha haujafika mwisho, kwa sababu anaujua. Kisha akauliza, "Na ya sita?"

Nikapiga magoti sebuleni kwake nikamwambia nilivyofanya. Sikuficha hata habari ya filamu.

Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Jioni ile ya mwisho nilikuwa jikoni, napikia wageni. Sikuisikia. Alifundisha nini?"

Wapendwa, jioni ya sita mzee alizungumza juu ya mke wake. Nilikuwepo, niliketi mstari wa pili. Kwa hivyo nikamwambia mama ninayokumbuka. Kwamba mzee alisema walipooana hakuwa na kitu, na mama aliuza mboga miaka miwili ili yeye asome Biblia. Kwamba alisema mahubiri yake yote yana jasho la mama ndani yake. Kwamba alinyamaza kidogo, akavua miwani, akaifuta, kisha akaendelea. Vipande vitatu kutoka mafundisho ya saa nzima. Vingine vimekwenda. Sikumtungia vingine, ingawa nilitamani.

Mama akasema, "Basi na hivyo ulivyo navyo, usikae navyo tena."

Neno langu kwako leo ni hilo la mama.

Katika 2 Wafalme 7 kuna wakoma wanne waliokuwa wakifa njaa nje ya lango la Samaria. Waliingia kambi ya Washami wakaikuta imeachwa, chakula tele. Wakala, wakanywa, wakabeba fedha na mavazi wakaenda kuficha. Wakarudi wakaficha tena. Kisha wakaambiana kwamba hawafanyi vyema, hii ni siku ya habari njema na wao wamenyamaza, huku mji mzima una njaa nyuma yao. Wakaenda kuita. Hawakuwa wachungaji wala matajiri. Walikuwa watu ambao jana yake hawakuwa na kitu, na kilichookoa mji ni kwamba waliposhiba hawakuzima.

Paulo naye alimwagiza Timotheo, 2 Timotheo 2:2, kwamba aliyoyasikia kwake awakabidhi watu waaminifu ambao nao watawafundisha wengine. Hesabu mwenyewe: Paulo, Timotheo, waaminifu, na wengine. Vizazi vinne katika mstari mmoja. Wewe uko wa ngapi, na baada yako ni nani?

Nani alikufundisha kuomba? Yule mama aliyekuonyesha jinsi ya kusimamisha nyumba wakati mzee wa nyumba amekosa kazi, umemfundisha nani hayo? Wimbo wa lugha ya nyanyako ambao wewe peke yako ndiye unaujua nyumbani kwenu, mtoto wako anaujua? Kanisani sote tuna jioni ya kwanza. Maneno ya kila Jumapili yana wenyewe wengi. Itafute ile jioni ya sita iliyo kwako, ile adimu, uigawe kwanza.

Na kwa wale wanaotaka kutumia torenti zenyewe, haya machache kutoka kwa kijana wa vyombo:

Moja. Tumia programu ya bure inayoaminika, kama qBittorrent au Transmission. Ipakue kwa tovuti ya wenyewe, sio popote tu.

Mbili. Chukua torenti kutoka kwa mwenye kitu mwenyewe: Ubuntu kwa Ubuntu, LibreOffice kwa LibreOffice, Kiwix kwa Kiwix.

Tatu. Usichukue filamu, vitabu wala nyimbo ambazo mwenyewe hakuruhusu. Kenya tuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na ujue kwamba kwa torenti huchukui tu, unagawa pia, kwa hivyo kosa ni mara mbili. Hata albamu za injili. Mwimbaji wetu naye ana kodi ya nyumba. Mimi nimetubu, na wewe njoo tutubu pamoja. Tena usidhani umejificha: walio kundini wanaweza kuiona anwani ya intaneti ya kompyuta yako.

Nne. Kugawa kunakula data. Kama unatumia bando la simu, usiwashe, utaamka bila bando na bila amani. Tumia wifi isiyo na kipimo, na ndani ya programu weka kikomo cha kasi ya kupakia ili nyumba nzima isikose mtandao. Kutoa si kujiua.

Tano. Ukimaliza, angalia uwiano. Programu inakuonyesha umetoa kiasi gani ukilinganisha na ulichopokea. Ukifika 1, umerudisha kadiri ulivyopewa. Usizime kabla ya hapo. Na kama faili ni adimu na wapanzi ni wachache, kaa zaidi.

Ile ya vitabu vya watoto tuliiwasha tena jioni ileile. Wawili walikuwa bado hawajamaliza. Sasa iko wazi kwenye kompyuta moja kanisani, saa za stima. Mara ya mwisho niliangalia tulikuwa tumefika uwiano wa 3. Watoto wetu wanapita wanauliza kwa nini kompyuta ile haizimwi, nasi tunawaambia.

Na jioni tano za mzee sasa ziko kwa watu zaidi ya thelathini. Kama ulikuwa kanisani miaka ile na una hata dakika kumi za jioni ya sita, mahali popote, kwa simu ya zamani, kwa flashi iliyo kwenye droo, tafadhali tafuta leo. Usidhani mwingine anayo.

Tuombe. Baba, asante kwa waliotufungulia mlango tulipokuwa hatuna kipande hata kimoja. Utusamehe tulivyomaliza tukazima. Mtie nguvu mama yetu, umfariji kwa sauti aliyoipata na kwa ile iliyopotea. Utuonyeshe kilicho adimu mikononi mwetu, na utupe moyo wa kubaki. Katika jina la Yesu. Amina.

Kama umepokea, usiandike Amina tu. Andika hapo chini jina la mtu mmoja utakayemfundisha wiki hii jambo ulilofundishwa. Mbarikiwe sana, tuonane Jumapili.